Programu imehamia Python, jumla hazilingani

Swali: Assalaam aleikum. Hapa dikoni Lamu samaki wanaandikwa kwa programu ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6. Nimeihamishia lugha ya Python 3 mstari kwa mstari na inafanya kazi, ila jumla ya jioni hupungua shilingi kadhaa ukilinganisha na ya zamani. Samaki wakirudishwa, yaani kiasi kikiwa hasi, ndiyo inavurugika zaidi. Nikague wapi?
*Msomaji, Langoni*

Jibu: Waaleikum salaam. Anza na kila mahali ulipoandika int(). Visual Basic ikiweka nambari yenye desimali ndani ya Long (kigeu cha nambari nzima), haizikati desimali. Inakwenda kwenye nambari nzima iliyo karibu, na ikiwa ni nusu kamili inachagua shufwa. int() ya Python inazitupa tu. Nguru wa kilo 3.75 kwa shilingi 450 ni 1687.5: ya zamani inaandika 1688, yako 1687. Wa kilo 3.25 ni 1462.5, na hapo zote mbili zinatoa 1462. Ndiyo maana risiti moja inalingana na ya pili inakataa. Weka round(), ambayo katika Python 3 inafuata kanuni hiyo hiyo ya shufwa.

Lakini usibadilishe kwa pupa. Palipoandikwa Int katika Visual Basic panataka math.floor, inayoshuka hadi nambari nzima iliyo chini, kwani Int ya -2.5 kule ni -3, na int() ya Python inatoa -2. Palipoandikwa Fix, inayokata desimali tu, hapo ndipo mahali pa int().

Za samaki waliorudishwa, tafuta alama ya \ ya kugawa kwa nambari nzima. Ukigawa -1687 kwa 2, ya zamani inatoa -843. // Ya Python inashuka hadi -844. Mod, inayotoa baki la kugawa (katika Python ni %), nayo ina tabia hiyo: -7 Mod 2 kule ni -1, na -7 % 2 katika Python ni 1.

Vigeu vya Currency (aina ya nambari za pesa) vipeleke kwenye Decimal, aina ya Python ya desimali kamili, na uvijenge kwa maandishi, Decimal("450.10"), si Decimal(450.10), la sivyo makosa ya desimali yanaingia nayo. Tena, orodha inayotangazwa kwa Dim siku(31) kwa kawaida ina nafasi 32, kuanzia 0. Na siku[-1], ambayo Visual Basic ingeikataa papo hapo, Python inakupa ya mwisho kimya kimya. Hili ni baya kuliko yote, maana halitoi kosa.

Ukikuta On Error Resume Next, yaani amri ya kuruka kosa na kuendelea, usiifunike kwa try na pass, zinazofanya hivyo hivyo katika Python. Iache programu ianguke uone ilichokuwa inaficha.

Kisha chukua rekodi za mwezi mmoja, zipitishe kwenye programu zote mbili, toa faili mbili za CSV (jedwali la maandishi) na ulinganishe risiti kwa risiti. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu shilingi iliyozidi hapa hufuta iliyopungua pale.

Swali: Nimegeuza programu ya kukodisha vyumba kutoka PHP kwenda JavaScript. Mgeni wa tarehe 31 Januari 2025 anaonekana wa Machi!
*Msomaji, Malindi*

Jibu: Ukiandika new Date(2025, 1, 31), miezi inahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo 1 ni Februari. Tarehe 31 Februari haipo, ikasogezwa hadi 3 Machi. Toa 1 kwenye mwezi. Ukimaliza, kagua marejesho ya pesa pia: round(-2.5) ya PHP ni -3, Math.round(-2.5) ni -2.