Udaktari na afya ya jamii kwa mpigo?

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kusoma MD (shahada ya kwanza ya udaktari) hapo UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, sambamba na shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Kwa hapa kwetu Tanzania jipange kwa awamu: MD miaka 5, utarajali mwaka 1, ndipo uzamili, maana huo unadai shahada ya kwanza mkononi. Kuziunganisha ni utaratibu wa vyuo vya Marekani.

Ila usikimbilie darasani tena (ada nayo si mchezo). Fanya kazi wilayani kwanza, tuseme Kongwa, kwenye historia ndefu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, hata kwa nzi. Kope zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho. Unamfanyia mama upasuaji, huku mwanawe ana nzi usoni na maji ya kunawa yako mbali. Ukiona hayo maji yanakusumbua kuliko kope, basi afya ya jamii ndiyo yako: omba huo uzamili MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili.