Jibu: King'ora cha mtikisiko pekee hakitoshi kulinda baiskeli

Ndugu, umeuliza kama king'ora kinachohisi mtikisiko kinaweza kuchukua nafasi ya kufuli kwa baiskeli unayoiegesha nje ya ofisi kutwa nzima. Kwa maoni yangu hakiwezi, kwa sababu kazi yake ni kupiga kelele tu, na mwizi akishaipakia baiskeli kwenye gari, kelele hiyo huondoka naye. Ifunge kwanza kwa kufuli la chuma gumu lenye umbo la U, lipite kwenye fremu na kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini.

Ndani ya king'ora mna kihisio kinachopima mabadiliko ya mwendo na mlalo. Ukikitegesha kihisi kila kitu, hata lori linalopita au upepo utakiamsha, na majirani wakishazoea kelele za bure hakuna atakayechungulia dirishani siku ya wizi wenyewe. Anza na kiwango cha kati. Kifiche chini ya kiti, mahali ambapo bisibisi haifiki kwa urahisi, maana hata chenye mlio wa desibeli 110 hunyamaza mara betri ikichomolewa. Mimi hukagua betri kila mwezi, hasa wakati wa masika, kwa kuwa unyevu huleta kutu.