Kuongeza presha ya usukani wa trekta
Unauliza kama unaweza kuongeza washa (kipete chembamba cha chuma) nyuma ya springi ya valvu ya usalama, ile inayoachia oili ya usukani presha inapozidi, ili usukani mzito wa trekta yako uwe mwepesi. Ninakusihi usifanye hivyo kabla ya kupima presha kwa geji, oili ikiwa imepata moto, kwa sababu uzito huo mara nyingi hutokana na oili pungufu, hewa iliyonaswa katika mfumo, chujio lililoziba, pampu iliyochakaa au sili ya pistoni (mpira wa kuzuia oili isipite) inayovujisha ndani ya silinda, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorekebishwa na springi. Presha huleta nguvu, ilhali kasi ya magurudumu kugeuka hutegemea wingi wa oili inayosukumwa na pampu. Ukipita kiwango cha mtengenezaji, bomba la mpira linalopitisha oili yenye presha linaweza kupasuka ukiwa barabarani, nawe ukabaki bila msaada wowote kwenye usukani. Tafadhali pia usitafute uvujaji kwa kidole, bali tumia kipande cha kadibodi: oili yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, linahitaji hospitali mara moja.