Kufeli mtihani wa leseni ya uuguzi mara mbili: uanzie wapi

Waalaikum salaam, dada yangu wa Wete. Umefeli mtihani wa leseni mara mbili na unauliza uanzie wapi. Mimi nilipita mara ya nne, machozi hayo nayajua.

Kwanza tafuta unapopotezea alama. Mimi ilikuwa hesabu za dripu: lita 1 kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. Kila mara nasahau kugeuza saa kuwa dakika! Ni mililita 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480: kama matone 42 kwa dakika. Nilizifanya kila siku baada ya Alfajiri, daftari gotini, mpaka mkono ukazoea.

Maswali ya "utaanza na nini", anza na njia ya hewa ya mgonjwa. Ukikwama, weka swali hapa tulifanye pamoja.