Mkuu, fezanti anayekimbia chini USIMPIGE

Nimesoma post yako ya kuomba ushauri wa kuwinda fezanti, yule ndege wa porini jamii ya kuku, mpaka pale ulipoandika "jamaa yangu anasema fezanti akiwa bado anakimbia mlipue hapohapo chini, akiruka umemkosa", chai ikanipalia. Huyo jamaa yako ana undugu na mshauri wangu? Maana maneno ni yaleyale!

Sikia. Mwaka jana nilienda kuwinda South Dakota, Marekani, shamba moja karibu na Huron, ule mji wenye sanamu la fezanti. Watano tunatembea ndani ya mahindi, wawili wanasubiri mwisho wa shamba, tumeanza saa nne asubuhi ndo ruhusa inapoanza. Fezanti kuruka hapendi bana, anakimbia katikati ya mistari kama kuku aliyeona mgeni anashuka na begi. Nikaona jogoo anakata kushoto, nikakumbuka darasa la mshauri wangu, nikashusha mtutu, paa!

Jogoo sikumpata. Aliyelia ni mbwa. Labrado wa mzee mwenye shamba, alikuwa hatua mbili tatu nyuma ya yule jogoo, kwenye majani, mimi simuoni kabisa. Marisau 11 pajani na ubavuni. Nimembeba mpaka kwenye pikapu ananilamba mkono, bora hata angeniuma. Daktari wa mifugo dola 1,850, nimelipa kwa kadi mbili. Mbwa alipona, anachechemea. Mzee hakunitukana, alisema tu bunduki irudi kwenye gari na isitoke tena, nikakaa humo mpaka jua linazama kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Mshauri nilivyompigia akasema "pole, bahati mbaya". Bahati mbaya ya nani? Kumbe hajawahi kuwinda popote, ni YouTube tu na kutega kanga utotoni kwao Morogoro! Na mke wangu hadi leo nikishika rimoti anauliza kama nimeangalia nani yuko mbele.

Kwa hiyo uone anga chini ya ndege. ANGA, sio mahindi, sio nyasi. Huoni anga, kidole kisiguse triga. Akiruka usawa wa kiuno mwache aende, kule mbele kuna wale wawili wamesimama na wana watoto. Akipanda juu ndo uangalie ni jogoo, majike hawaruhusiwi, na mwisho ni 3 kwa siku.

Uliuliza na buti, sijui, vaa zozote zisizoingiza maji. Risasi mimi natumia namba 5, yaani saizi ya marisau. Kulikuwa na swali lingine nimesahau. Huyo jamaa yako naye anakuja? Mpe abebe maji.