Kumtafuta ndugu aliyepotea katika maafa ya ugenini: kwa ninyi mnaoanza kazi hii

Tetemeko au mafuriko yanapotokea nchi ya mbali, familia iliyobaki nyumbani hudhani kwamba kazi yote ya kumtafuta mtu wao iko huko huko yalikotokea maafa. Ninyi mnaojiunga sasa na dawati la kuunganisha familia, ama kupitia Msalaba Mwekundu ama kupitia jumuiya za Waafrika Mashariki walioko ng'ambo, mfahamu mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika sebuleni kwa familia, na ikifanyika ovyo hapo, hakuna mtaalamu wa huko atakayeweza kuitengeneza.

Mfano ninaoutumia siku zote ni wa Thailand. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu wapatao 5,400 katika nchi hiyo, na karibu nusu yao walikuwa wageni, wengi wakiwa watalii waliokuwa mapumzikoni Khao Lak na Phuket. Miili ilikusanywa kwenye mahekalu, likiwamo lile la Yan Yao mjini Takua Pa, na picha za marehemu zikabandikwa kwenye mbao ili ndugu wapite wakitazama. Kwa joto la kule, sura ya mtu hubadilika ndani ya siku chache kiasi kwamba hata mama mzazi anaweza kumkana mwanawe, au kumkubali asiye wake. Ipo miili iliyokabidhiwa kwa familia zisizohusika kwa sababu ya kutegemea macho, na kila kosa la namna hiyo huumiza familia mbili kwa mpigo. Ndiyo maana timu za nchi zaidi ya 30 zilizokutana Phuket zilifuata utaratibu wa Interpol, shirika la kimataifa la polisi, ambao unakubali mambo makuu matatu tu ya kumthibitisha mtu: alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Mengine yote, yaani nguo, pete, kovu na mchoro wa mwilini, ni ya kusaidia tu.

Utaratibu huo una fomu mbili. Ya waridi hujazwa mochwari kutokana na mwili uliopatikana. Ya njano hujazwa kutokana na maelezo ya ndugu, nayo ndiyo kazi yenu. Wataalamu huzilinganisha mpaka zioane. Anzeni na majina, kwa sababu hapo ndipo watu wetu hupotea mara ya pili. Nyumbani anaitwa Mama Zuhura, kazini anaitwa jina la ubatizo, na katika pasipoti jina la babu limegeuzwa kuwa la ukoo na kuandikwa kwa tahajia ambayo familia haijawahi kuiona. Andikeni yote, pamoja na jina la utani na jina analotumia kwenye simu. Kwa aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba, ombeni pia namba ya kibali chake cha ukaazi, kwa kuwa mara nyingi pasipoti hubaki mikononi mwa mwajiri.

Katika mahojiano, tumieni wakati uliopo. Ulizeni, "Ana urefu gani?", wala si "Alikuwa na urefu gani?" Mzazi aliyekaa mbele yenu bado anamsubiri mtoto, na kiambishi kimoja kinaweza kumfanya anyamaze jioni nzima. Mkijibiwa kwamba ni mrefu wa kiasi, mwombeni mama asimame na kuonyesha kwa kiganja ukutani kijana huyo anafika wapi, kisha pimeni kwa utepe. Mkiambiwa ana kovu la chanjo begani, liandikeni, lakini msilitegemee, kwa sababu watu wengi wa umri wake wanalo. La maana zaidi ni ule mshono wa mguu uliovunjika akiwa darasa la tano, tena mguu upi, na hospitali gani ilimtia vyuma. Vyuma vya mifupa huwa na alama za kiwandani, na picha ya eksirei ya zamani iliyosahauliwa juu ya kabati inaweza kuwa na thamani kuliko maelezo yote mliyoandika.

Watalii wa Ulaya waliofariki Thailand walitambuliwa kwa wingi kupitia meno, maana madaktari wao wa meno walikuwa na mafaili ya miaka mingi. Wathai wengi walitambuliwa kwa alama za vidole, kwa sababu huchukuliwa wanapopewa vitambulisho vya taifa. Sisi katika jambo hili tunafanana zaidi na Wathai. Wachache wetu wana faili kwa daktari wa meno, lakini alama za vidole zimo NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa Watanzania na katika usajili wa vitambulisho kwa Wakenya. Kwa hiyo namba ya kitambulisho ni kitu cha kwanza kuulizia, na ombi la alama hizo lipitie polisi, katika ofisi ya Interpol ya nchi husika. Hata hivyo, msidharau picha za harusini. Picha aliyocheka wazi, ikionyesha mwanya au jino lililokatika, humsaidia daktari wa meno kulinganisha.

Sampuli ya vinasaba inahitaji uangalifu wa pekee. Bora ni ya wazazi wote wawili, au ya watoto wa aliyepotea pamoja na mzazi mwenzake. Mkichukua ya ndugu, ulizeni bila haya kama wamechangia baba na mama, kwa kuwa kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka, na hajatudanganya anaposema hivyo, lakini maabara itapotoshwa. Kipimo hiki pia kinaweza kufichua kwamba baba anayelea si mzazi wa damu. Hiyo ni siri ya watu. Zungumzeni na mama faraghani kabla ya kuchukua chochote, na matokeo ya namna hiyo yasitoke nje ya maabara. Mswaki wa aliyepotea utiwe katika bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaotunza unyevu, na mwambieni mama asiuoshe.

Uvumi ni adui mkubwa. Baada ya tetemeko la Uturuki la tarehe 6 Februari 2023, ilitangazwa siku iliyofuata kwamba Christian Atsu, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Ghana, ameokolewa hai na kupelekwa hospitali. Haikuwa kweli. Mwili wake ulipatikana tarehe 18 Februari chini ya kifusi cha jengo alilokuwa akiishi huko Antakya. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho alitangaziwa habari isiyo sahihi, fikirieni mpishi au mwanafunzi asiyejulikana na mtu. Msiipelekee familia habari ya WhatsApp mpaka mjue ni nani aliyemwona, wapi, na saa ngapi. Na mtu akipatikana hai, muulizeni kwanza kama anaridhia familia ipewe anwani yake. Wapo wanaokataa, nao wana haki hiyo.

Familia za Kiislamu zitawauliza kwa nini maziko yacheleweshwe. Waelezeni kwa upole kwamba kuharakisha kunaweza kuwanyima kaburi kabisa. Derna, nchini Libya, baada ya mabwawa mawili kupasuka Septemba 2023, zaidi ya watu 1,000 walizikwa katika makaburi ya halaiki ndani ya siku chache, mpaka Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wakaomba jambo hilo likome. Miili ya waliokufa kwa maafa ya asili kwa kawaida haileti magonjwa ya mlipuko, kwa hiyo hofu hiyo isiwe sababu ya kumzika mtu bila namba, picha na sampuli.

Kuna mafaili yatakayobaki wazi miaka mingi. Karibu na Takua Pa, huko Bang Muang, wako wahanga wa tsunami ambao hawajatambuliwa hadi leo, wamezikwa kila mmoja kwa namba yake ili siku jina likipatikana aweze kufukuliwa. Basi msifunge faili kwa sababu simu zimekoma kuja. Wazazi huzeeka, namba hubadilika, familia huhama. Kama mama wa aliyepotea bado yu hai na sampuli yake haijachukuliwa, pangeni safari ya kwenda kuichukua mwezi huu, na mwandike katika faili ni nani wa kupigiwa simu baada yake.