Jibu: Je, dini ndiyo inayotugawa Lamu?

Ndugu yangu, umeuliza kama dini ndiyo chanzo cha ubaguzi na ugomvi wetu. Kwa ubaguzi, mtazame Habib Swaleh, sharifu wa kutoka Ngazija (Komoro), aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha hapa Lamu. Aliwasomesha wana wa watumwa, wakati mabwana wa mji walitaka elimu iwe yao peke yao. Leo kwenye Maulidi ya Riyadha, matari yakilia, wote hukaa jamvi moja.

Kwa ugomvi, tazama Mpeketoni, mji ulio hapa Lamu: Juni 2014 wauaji waliwatenga wasio Waislamu, na zaidi ya watu 60 wakafa. Uchungu ule haufutiki! Ila kuni za moto ule zilikuwa ardhi: wageni kutoka bara waligawiwa mashamba tangu miaka ya 1970, wenyeji wengi hadi leo hawana hati za ardhi. Tudai hati kwanza.